Mzee wa Spika na Viti Arobaini na Kimoja

Ukimkuta amekaa, ujue betri inachajiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu pekee ya Mzee wa Spika kukaa kwenye benchi la fundi redio pale sokoni Nachingwea, na hata hapo alikaa nusu tu, mguu mmoja umeshatangulia. Betri ikijaa anaifunga nyuma ya pikipiki, anagonga maiki kwa ukucha mara mbili, halafu mji mzima unaanza kupata habari. Vitenge vipya vimeshuka duka la kona. Chanjo ya kuku kesho asubuhi. Mbuzi dume, mweusi, sikio la kushoto limekatwa, amepotea tangu juzi, atakayemwona asimchinje.

Jina lake ninalijua, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia, nami sitaanza leo. Alikotoka sijui vizuri, wengine wanasema ng'ambo ya Ruvuma, wengine Masasi, na yeye ukimuuliza anakuuliza wewe umetoka wapi na umekuja kununua nini. Mimi nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi, tukisikia pikipiki yake inapita nje ya uzio, darasa lote linanyamaza kumsikiliza yeye, na mwalimu anasubiri na chaki mkononi, maana na yeye anataka kujua mnada wa nguo uko lini.

Alikuwa na taratibu zake ambazo zilikera wafanyabiashara. Ya kwanza, hatangazi kitu ambacho hajakiona. Umefungua duka la viatu? Anakuja, anavua chake, anajaribu chako, anatembea nacho mpaka mlangoni na kurudi. Ukimwambia una magunia hamsini ya mchele, anataka kuyahesabu. Kuna mfanyabiashara mmoja alimwambia, mzee, wewe kazi yako ni kupiga kelele, ukaguzi waachie wakaguzi. Mzee akamrudishia hela yake palepale, akapiga kiki pikipiki, akaenda. Mwaka mzima hakupita mtaa ule na tangazo la mtu yule.

Nyingine ni hii, na ndiyo iliyokuja kuniokoa mimi. Hakuwa anachukua hela ya mji mzima siku ya kwanza. Unamletea hela ya kuzunguka mitaa yote siku tatu, anachambua noti, anabaki na ya mtaa mmoja, nyingine anakusukumia. Anatangaza mtaa huo mmoja tu, na mwisho wa tangazo anaongeza: mkifika dukani, semeni mmetumwa na spika, mtapewa punguzo. Jioni anarudi kukuuliza, wangapi wamesema wametumwa na spika? Ukisema watano, mnaendelea. Ukisema hakuna, anakwambia usiongeze hela, rudi kwanza ukaangalie bei yako, au ukaangalie huo mtaa, huenda watu wake hawahitaji unachouza. Watu walimwona mjinga, kukataa hela. Mimi siku hizi naona matangazo ya mitandaoni yanafanya hesabu hiyohiyo kwa mashine kubwa, na yeye aliifanya kwa kuuliza.

Misiba alitangaza bure. Hakuna aliyewahi kumlipa tangazo la msiba, awe Mwislamu, awe Mkristo, awe mgeni aliyehamia juzi. Akiwa na tangazo la biashara na akakaribia nyumba yenye msiba, anazima, anasukuma pikipiki kwa miguu mpaka apite, ndipo anawasha tena. Na sentensi anaiendeleza palepale alipoikatia. Ungesikia mtaa huu "njooni mjipatie sabuni ya," halafu kimya kirefu, halafu mtaa wa pili, "unga, bei ya leo tu." Watu walicheka, lakini hakuna aliyemcheka mbele yake.

Lugha alibadilisha kwa mtaa. Mjini Kiswahili, akitoka kidogo anatia Kimwera, kwa Wamakua anatia Kimakua chake kibovu kinachowafurahisha, na ukipanda naye mpaka vijijini anaachana na Kiswahili kabisa. Alisema mtu anaelewa bei kwa lugha ya shule lakini anatoa hela kwa lugha ya nyumbani.

Na huyu mtu, nyumbani kwake, alikuwa ananong'ona. Kweli. Nilikwenda mara ya kwanza nikidhani nitakuta kelele, nikakuta mkewe anamwambia, "Sema basi, mbona husikiki?" Sauti yote alikuwa ameshaiuza mchana.

Sasa nije kwangu, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini namkumbuka hivi.

Mimi nakodisha viti na turubai kwa ajili ya shughuli. Huku kwetu ufuta ukishauzwa, kuanzia mwezi wa saba, kila Jumamosi kuna jambo: mwali anatoka, watoto wa jando wanarudi, harusi, arobaini. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo siwezi kuyasifia, nikafanya kazi kwa mama mmoja wa mapambo, nikaanza changu na viti hamsini na turubai moja. Lakini kichwani mwangu nilikuwa na kampuni. Nilikuwa na maua, mataa, magari, na tovuti. Hasa tovuti. Nilikuwa nalala naiona, jina langu juu kwa herufi za dhahabu, picha zinapita zenyewe.

Mwaka ule mama yangu aliuza ufuta wake vizuri, akapata laki tisa. Hela ile ilikuwa ya bati. Nyumba yetu iliezekwa nyasi, na upande wa chumba chake mvua zilishaanza kuingia, alikuwa anahamisha kitanda usiku kwa usiku akifuata pakavu. Nilimbembeleza wiki mbili. Mwishoni akanipa zote, zimefungwa kwenye khanga, akasema, "Masika moja nitahamahama tena na kitanda. Mwakani mwezi wa kumi nataka bati zangu. Usiponipa sitakugombeza. Nitalowa tu, na wewe utaniangalia." Afadhali angenigombeza.

Elfu themanini ya kwanza niliichoma kwa siku mbili. Niliona kwenye simu kitufe cha kulipia tangazo, nikaweka picha ya turubai langu, mahali pa kuchagua watu nikaacha palivyo, Tanzania nzima, kwa sababu nilidhani wengi ndiyo vizuri. Loo, simu iliita. Dada mmoja wa Mwanza alitaka viti mia kesho yake. Kijana wa Mbeya aliuliza kama turubai nauza. Watu elfu kadhaa walipenda picha, wengine wakaweka makopakopa, na hela ikaisha bila kiti kimoja kutoka uani. Nilicheka mbele za watu. Nikiwa peke yangu sikucheka.

Halafu nikampata fundi wa tovuti, wa Dar es Salaam, tukaongea kwa simu tu. Alikuwa na maneno matamu. Kurasa kumi na mbili, nembo, sehemu ya kulipia mtandaoni, sehemu ya Kiingereza, laki saba. Nilimwambia naleta Ijumaa. Alhamisi nikaenda kwa Mzee wa Spika, si kumwomba ushauri, nilikwenda kujitapa. Nilitaka aje atangaze kwamba mji wetu una kampuni yenye tovuti.

Kama kawaida yake akataka kuona mali kwanza. Tukaja nyumbani. Akaviangalia viti, akavigeuza miguu juu, akauliza nimebaki na shilingi ngapi. Nikasema laki nane na ishirini.

"Panga viti arobaini na kimoja hapa uani," akasema. "Kila kiti elfu ishirini."

Nikapanga. Mama alikuwa jikoni, akatoka akasimama mlangoni na mwiko.

"Huyo fundi wako anataka ngapi?"

"Laki saba."

Akaanza kuvihamisha mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka chini ya ukuta wa choo. Thelathini na tano. Katikati ya uwanja vikabaki sita. Akakaa kwenye kimoja, akasimama haraka kama kimemchoma.

"Haya. Hivi sita vifanye kazi yote iliyobaki. Viseme kwa watu kwamba tovuti ipo. Vinunue bando la kuwajibu. Vilipe gari. Na hiyo tovuti, ukishainunua umemaliza?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia mpigie. Nikampigia fundi, nikaweka sauti ya nje, nikamuuliza kama kuna kulipa tena. Akasema kwa upole kwamba jina la tovuti na pale inapokaa hulipiwa kila mwaka, kama laki moja kwa kifurushi chake, usipolipa inazimwa. Na jina litasajiliwa kwake, ndiyo rahisi.

Mzee akanong'ona, yule mwenye sauti ya kusikika mpaka kijiji cha Kilimarondo, "Yaani unajenga kibanda, kiwanja cha kwake."

Yule fundi hakuwa mwizi. Naomba ieleweke. Nilikuwa sijamuuliza, na yeye hakuwa na sababu ya kunikatisha tamaa.

Tulikaa na vile viti mpaka alasiri, tukivihamisha huku na huku, na mama naye akaingia, akawa anavuta upande wake. Niligombana nao wote wawili. Kila kiti kilichotoka kwenye tovuti nilikiona kama kinatoka mwilini mwangu. Kurasa kumi na mbili, mzee aliuliza, utaandika nini humo? Sikuwa na maneno ya hata kurasa mbili. Sehemu ya kulipia mtandaoni, nani atalipia viti kwa kadi huku? Kiingereza, mzungu gani anacheza mwali?

Mwishowe vikabaki hivi. Viti kumi kwa tovuti ya ukurasa mmoja: picha zangu mwenyewe, bei, namba ya simu, na jina limesajiliwa kwangu. Vitano vikawekwa kando kwa ajili ya malipo ya mwaka unaofuata, mama akavikalia yeye, akasema hapa haondoki mtu. Kumi na sita vikawa viti kweli, yaani hela ya kununua vingine thelathini na viwili, kwa sababu mzee alisema ukiita watu wengi uwe na pa kuwakalisha. Vitano vya matangazo ya kulipia. Viwili bando. Vitatu akiba ya mafuta na gari kuharibika.

"Hivi vitano vya matangazo," nikasema kwa hasira, "si nitavichoma tena kama vile vinne vya elfu themanini?"

Ndipo akaniuliza swali ambalo hakuna fundi wa Dar angeniuliza. "Shughuli ya kijijini Mandawa, mwali anatoka, nani analipa?"

"Wazazi wake."

"Wazazi wana ufuta gunia mbili. Nani analipa?"

Akasema miaka yote amekuwa akipigiwa simu na watu wa Mbagala, wa Temeke, watoto wa huku waliohamia mjini, wanamtumia hela atangaze shughuli ya dada yao, msiba wa mjomba wao. Anayekula pilau yuko Mandawa, akasema, lakini aliyetuma hela ya pilau yuko Dar na simu iko mkononi. "Wewe ukaenda kumtangazia mtu wa Mwanza. Watangazie hao. Na usisubiri mwezi wa saba, wakati huo wameshatuma. Anza wa tano, wakati ndugu wanapigiana simu."

Nilimwangalia. Mtu ambaye hakuwa hata na simu ya kugusa.

Ungedhani basi mtu wa hesabu kama huyo mambo yake yamenyooka. Wala. Miezi michache baadaye mkewe ndiye aliyeniambia, akipepeta mchele, bila uchungu, kama anasimulia ya jirani. Mzee alikuwa na kiwanja kizuri, akakiuza, akanunua amplifaya kubwa na spika nne za pembe ili asikike mpaka kijiji cha pili. Hakujaribu mtaa mmoja. Hakumuuliza mtu. Na ilikuwa miaka ileile watu walipoanza kupeana habari kwenye makundi ya simu. Spika zile nne zilipiga kazi msimu mmoja. Tangu hapo alikuwa anatumia moja tu, tatu zilikaa chini ya kitanda, zimefunikwa na shuka.

Nilipojua hilo nilimpenda zaidi, sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu niliona na yeye alikuwa analala anaota.

Msimu ukaja. Mwezi wa tano niliweka tangazo la elfu kumi, watu wa Dar tu, nikaandika: unafanya shughuli nyumbani Ruangwa au Nachingwea? Viti vitafika, picha utatumiwa. Na chini, mkipiga semeni mmetumwa na simu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nilikuwa natembea na simu mpaka chooni. Ya tatu akapiga kaka mmoja wa Mbagala, sauti ya kutuhumu, akauliza kama kweli nafika Mandawa au ni maneno ya mtandaoni. Nikafika. Barabara ile iliitingisha kirikuu tuliyokodi, kale kagari kadogo ka mizigo, mpaka viti viwili vikapasuka, lakini saa mbili asubuhi turubai lilikuwa limesimama, nami nikampigia picha mama yake amekaa katikati ya safu ya mbele, nikamtumia. Akaandika neno moja, "Amekaa." Wiki hiyohiyo akaniletea wenzake watatu.

Sikuwa tajiri. Kuna Jumamosi nilikosa, kuna mmoja aliniahidi na hakutuma. Lakini hela ilipanda kidogo kidogo, na mwezi wa tisa unaisha nilikuwa nimeshalipia mwaka wa pili wa tovuti na mkononi nina milioni moja na elfu themanini.

Mzee alikuwa ameshahamia Ruangwa kwa binti yake. Mwezi wa kumi nikaenda huko kununua bati, nikapita kumsalimia. Nilimkuta nje, amesimama bila shaka, amekonda, na mkononi ana simu ya kugusa, mpya. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye kioo.

"Mama Tovuti," akasema. "Njoo uone. Nimekufuata humu."

Alikuwa ameyaona matangazo yangu yote kwenye ukurasa wangu. Alikuwa ameyahesabu. Alijua lipi lilipendwa na lipi lilipita kimya, na alikuwa anaongea haraka, si kwa kunong'ona tena, ile sauti ya mjini ilikuwa imerudi yote. Akaniuliza nina kiasi gani. Nikamwambia. Akaanza kuzunguka pale uani.

"Weka yote," akasema. "Turubai la pili, viti mia, na matangazo kuanzia sasa, Dar nzima, Mtwara, Lindi. Watu wakuzoee kabla ya msimu. Hii kitu inasikika mpaka mbali, binti, mbali kuliko mashine yoyote. Mama yako atasubiri. Si ameshazoea?"

Nakwambia ukweli, ndivyo nilivyokuwa nawaza njiani kutoka Nachingwea, maneno hayohayo, na nilikuwa nimejiambia nikimkuta mzee atanikataza, na akinikataza nitatii. Sasa hakukuwa na wa kunikataza. Juu ya Ruangwa mawingu yalikuwa yanakusanyika na kutawanyika, yanakusanyika tena.

"Hapana, mzee," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mwezi wa kumi na mbili hakuna shughuli. Watu wako shambani. Nitakuwa namtangazia nani?" Nikaongeza, "Na mama hajazoea. Anahama na kitanda."

Akasimama. Sikumbuki kama niliwahi kumwona amesimama vile, miguu yote miwili chini. Aliiangalia simu yake muda mrefu, ikajizima yenyewe, hakuiwasha.

"Mimi ningeweka," akasema taratibu.

"Najua, mzee."

"Ningeweka, na ningekosea." Akaitia simu mfukoni. "Bati unanunua kwa nani? Umeziona?"

Nikasema bado, nimeambiwa tu kwa simu kwamba zipo. Akanitazama kama nimemtukana, akaingia ndani kuchukua viatu. Tulikwenda naye dukani kwa miguu, mbiombio, mimi nikikimbia kidogo ili nimfikie. Akazikagua bati zote thelathini, moja moja, akaziinua juani kutafuta matundu, akarudisha mbili zilizopinda, akabishana na muuzaji mpaka akatuongezea kilo ya misumari. Kirikuu ilipojaa akafunga kamba yeye mwenyewe, akaivuta, akaivuta tena.

Nilipanda mbele na dereva. Mzee akaja dirishani, akanong'ona kiasi kwamba ilinibidi nitoe kichwa nje kumsikia.

"Mwambie mama yako nimeziona. Ni nzima."